Mali Yenye Daftari

Wahenga walituachia msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo niliufundisha kwa miaka mingi. Niliuandika ubaoni kwa chaki, nikawatungisha wanafunzi insha juu yake, na nikawapa alama nzuri wale waliohitimisha kwa kusema kwamba daftari ndilo mlinzi wa mali. Leo, nikiwa na umri wa miaka sabini na kitu, naona sina budi kuwaomba radhi wanafunzi wangu wale, kwa sababu niliwafundisha nusu ya ukweli. Iko mali inayopotea kwa kukosa daftari, naam. Lakini iko nyingine inayopotea ikiwa na daftari, ikiwa na muhuri, ikiwa na sahihi tatu na nakala nne. Mali hiyo aghalabu ni ya serikali.

Nayasema haya kwa kuwa kila baada ya miaka michache hutangaziwa kwamba ununuzi wa serikali unafanyiwa mageuzi. Sheria mpya hutungwa, semina huendeshwa, wataalamu hupewa vyeti, na sisi wananchi huambiwa kuwa sasa mianya imezibwa. Mimi si mwanasheria wala mchumi. Nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha, na hatimaye nikawa mkuu wa shule ya bweni. Lakini shule ya bweni nayo ni serikali ndogo. Inanunua unga, maharage, chumvi, kuni, chaki, magodoro na vipuri vya pampu, na inanunua kwa fedha ambazo si za mkuu wa shule. Kwa hiyo ninayo haki ya kusema neno moja, nalo ni hili: mageuzi yetu yamekuwa yakilinda mlango wa mbele, pale zabuni inapotangazwa na kufunguliwa, wakati mali inatokea mlango wa nyuma, pale inapopokelewa na pale deni linapolipwa.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana si vizuri kuwanyooshea wengine kidole huku nikificha mkono.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 1990. Shule yangu ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 400, wote wa bweni, na stoo ya chakula ilikuwa imebakiwa na maharage ya siku mbili. Mzabuni wetu wa chakula alikuwa hajalipwa tangu muhula uliotangulia. Wazabuni wengine wawili tuliokuwa nao zamani walikwisha kujitoa. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba kuiuzia serikali ni kuikopesha, na yeye hakufungua benki. Huyu aliyebaki alikuwa akileta anachotaka, siku anayotaka.

Lori lilifika Jumamosi jioni, jua likizama. Hati ya kukabidhi mali ilisema magunia 40 ya maharage, kila gunia kilo 100. Mtunza stoo wetu, mzee mmoja aliyeishia darasa la nne enzi za mkoloni, alitoa mizani yake akapima magunia matatu ya kwanza. La kwanza lilikuwa na kilo 87, la pili 84, la tatu 90. Kisha akaingiza mkono ndani ya gunia, akautoa na gao la maharage yaliyobunguliwa, mengine yakiwa maganda matupu. Akanionyesha kiganjani. "Mkuu," akasema, "haya hayapokeleki."

Kama magunia yote yalikuwa kama yale matatu, basi tulipunjwa kilo 520. Gawanya kwa idadi ya wanafunzi, utaona kwamba kila mtoto alinyang'anywa zaidi ya kilo moja ya chakula chake kabla sufuria halijawekwa jikoni.

Mzabuni akanivuta pembeni. Hakunitisha wala hakunipa hongo. Ningefurahi leo kama ningeweza kusema kwamba alinihonga, maana ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, nikiligeuza lori hili, Jumatatu watoto watakula nini?" Kisha akaongeza kwamba fedha zake za muhula uliopita bado anazisubiri, lakini aliyemkopesha hamsubiri.

Nilirudi kwenye lori, nikaweka hati juu ya goti, nikaandika kwa mkono wangu: "Vimepokelewa kwa idadi kamili na katika hali nzuri." Mtunza stoo alitakiwa kutia sahihi chini ya yangu. Alivaa kofia yake, akaniaga kwa heshima kama siku zote, akaenda zake. Jumatatu asubuhi nilimwita ofisini, nikamsogezea hati, nikamwambia atie sahihi. Akatia. Nyumba aliyokuwa akilala na wanawe ilikuwa ya shule, na barua ya kumpendekezea nyongeza ya mshahara ilikuwa ikiandikwa na mimi. Maharage yale yalikwisha kuliwa na kusahauliwa. Sahihi ya mzee yule mimi sijaisahau.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Wakaguzi walikuja mwaka uliofuata. Walikuwa watu makini, hawakunywa hata soda yetu. Walifungua leja ya stoo, wakailinganisha na hati za kuagizia, hati za kukabidhi na hati za malipo. Magunia 40 yaliagizwa, 40 yakaletwa, 40 yakapokelewa, 40 yakadaiwa. Wakaweka vema. Hawakuwa na hoja.

Hoja waliipata kwingine. Wakati wa kiangazi mkanda wa pampu ya kisima ulikatika, na shule ikakaa siku nzima bila maji. Nilimtuma dereva mjini, akanunua mkanda kwa bei ya kawaida, akarudi na risiti moja, na jioni maji yakatoka. Kwa mkanda ule nilipata hoja ya ukaguzi: kwa nini sikupata ankara kifani tatu, au profoma kama tulivyozoea kuziita? Nilijibu kwa barua tatu, na ya mwisho niliiandika kwa lugha ya kujidhalilisha.

Msomaji wangu, yapime mambo hayo mawili. Ununuzi wa kweli, uliofanyika kwa bei halali na kuwapa watoto maji, ulionekana kuwa ni kosa. Ununuzi wa uongo, ulioandikwa na mkuu wa shule mwenyewe na kuthibitishwa kwa sahihi ya kulazimishwa, ulionekana kuwa safi. Wakaguzi hawakukosea hata kidogo. Walifanya walichotumwa kufanya, yaani kukagua karatasi.

Baada ya hapo nimeziona sheria zikipita kama misimu. Mwaka 1996 Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, iliyoundwa na Rais Mkapa kuchunguza kero ya rushwa, ilitaja zabuni na mikataba ya serikali kuwa miongoni mwa mianya ya rushwa. Ikaja Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 3 ya mwaka 2001. Kabla haijazoeleka ikafutwa na Sheria Na. 21 ya mwaka 2004, iliyoanzisha Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma na kuzikabidhi taasisi zenyewe madaraka ya kununua. Nayo ikafutwa na Sheria Na. 7 ya mwaka 2011. Hiyo ikarekebishwa mwaka 2016, kilio kimojawapo kikiwa kwamba serikali inanunua kwa bei kubwa kuliko raia wa kawaida dukani. Hatimaye ikafutwa na Sheria Na. 10 ya mwaka 2023. Mtoto aliyezaliwa sheria ya kwanza ilipopitishwa alikuwa hajatimiza miaka 23 ilipopitishwa ya nne.

Sitaki kuwa mtovu wa shukrani. Sheria hizo zimeleta mema. Zamani tangazo la zabuni liliweza kubandikwa nyuma ya mlango na kubanduliwa siku hiyohiyo, na leo hilo ni gumu. Zamani aliyeonewa hakuwa na pa kulalamika, na leo kuna Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Tangu mwaka 2023 kuna mfumo wa kielektroniki uitwao NeST, ambao taasisi za umma zinatakiwa kununulia, na mzabuni wa Kigoma anaweza kuomba kazi bila kupanda basi na kulala nyumba ya wageni Dar es Salaam akilinda bahasha yake. Hayo ni maendeleo, na anayeyabeza hajui tulikotoka.

Lakini angalieni mahali ambapo juhudi zote hizo zimeelekezwa. Tangazo, maombi, ufunguzi, tathmini, rufani: yote hayo ni mambo yanayotokea kabla mali haijatoka ghalani kwa muuzaji. Ni kama mzazi anayechunguza kwa miezi sita ukoo wa mchumba wa binti yake, kisha asihudhurie harusi wala asiulize tena binti anaishije. Kompyuta inaweza kujua nani ameomba, saa ngapi, na kwa bei gani. Haiwezi kuingiza mkono ndani ya gunia. Atakayeiambia kompyuta kwamba maharage yamefika salama ni binadamu, na binadamu huyo anaye bosi.

Kwa haki niseme kwamba sheria haikusahau kabisa mapokezi. Kanuni zinataka kuwepo kamati ya ukaguzi na mapokezi ya mali. Ila ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara nyingi, tena katika taasisi mbalimbali, bidhaa zilizopokelewa bila kukaguliwa na bidhaa zilizolipiwa ambazo hazikufika au hazikuingizwa kwenye leja. Kwa nini? Kwa sababu wajumbe wa kamati huteuliwa na mkuu yuleyule aliyeagiza mali, na kesho yake wanarudi kufanya kazi chini yake. Mimi nilikuwa mkuu huyo. Ninajua sahihi inavyopatikana.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo ya shule na maharage, na kwamba huko juu kwenye mikataba mikubwa mambo huenda kitaalamu. La hasha! Tukumbuke rada. Serikali yetu iliinunua kutoka kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa takriban pauni milioni 28, na Uingereza ilitoa kibali cha kuiuza nje mwishoni mwa mwaka 2001. Benki ya Dunia ililalamika kuwa ni ghali mno kwa nchi kama yetu, na hata waziri wa Uingereza mwenyewe wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, aliupinga ununuzi ule. Haukuzuilika. Baadaye ikabainika kwamba takriban dola milioni 12 zilikuwa zimelipwa kwa mtu wa kati. Na kesi ilipofika mahakamani London mwezi Desemba 2010, kampuni ilikiri kosa gani? Ilikiri kutoweka kumbukumbu sahihi za hesabu. Yaani kosa la daftari! Ilitozwa faini ya pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikarudishwa Tanzania mwaka 2012, zikapangiwa kununua vitabu na madawati ya shule za msingi.

Wengi walifurahi, na mimi nilifurahi nao. Lakini mwalimu mzee haachi kuuliza maswali. Fedha zilizopotea kwa ununuzi mbaya zilirudi ili zikanunue tena. Vitabu vile na madawati yale vilipaswa kupokelewa na mtu fulani, katika shule fulani, jioni fulani, mbele ya lori lenye dereva mwenye haraka. Je, mtu huyo alikuwa na uwezo wa kusema "hayapokeleki"?

Sasa nigeukie upande wa pili wa mlango wa nyuma, nao ni deni. Dawa ya deni ni kulipa. Hili hata mtoto anayetumwa chumvi dukani analijua. Serikali zetu zimelifanya kuwa jambo la hiari. Nchi hii imeshuhudia zaidi ya mara moja wazabuni wa chakula wakigoma kupeleka chakula katika shule za bweni kwa sababu ya malimbikizo ya madeni, na shule zikawarudisha watoto makwao kabla ya wakati. Watu huliona jambo hilo kuwa ni uhaba wa fedha. Mimi naliona kuwa ndilo shina la ununuzi mbaya wote, na nitaeleza kwa nini.

Tuchukue mfano mwepesi. Gunia la maharage sokoni ni shilingi 200,000 kwa anayelipa papo hapo. Mfanyabiashara mwaminifu akijua kwamba serikali itamlipa baada ya miezi tisa, naye anafanya biashara kwa mkopo, hawezi kuuza kwa bei hiyo. Atataja 260,000 au zaidi, ili riba isimle. Mfanyabiashara mjanja atataja 190,000, chini ya bei ya soko. Bodi ya zabuni itampa nani? Itampa mjanja, tena kwa kufuata utaratibu wote, kwa kuwa bei yake ndiyo ndogo. Mwaminifu anarudi nyumbani na hatakuja tena. Mjanja anakuja na magunia ya kilo 87, kwa sababu faida yake haimo katika bei aliyoandika; imo katika kilo ambazo hakuleta. Na unapomkamata, anakuonyesha deni lako, nawe unanywea. Mwenye kudaiwa hana mdomo. Mimi nilinyamazishwa na deni la muhula mmoja tu.

Ndiyo maana husema kwamba deni la serikali ni hongo ya kinyumenyume. Katika hongo ya kawaida muuzaji humfunga mnunuzi kwa kumpa kitu. Katika hii, mnunuzi hujifunga mwenyewe kwa kutolipa. Hakuna taasisi ya kupambana na rushwa itakayowakamata, maana hakuna bahasha iliyopita chini ya meza.

Na hapa kuna jambo la kusikitisha zaidi. Marekebisho ya mwaka 2016 yalileta sharti zuri kwamba asilimia 30 ya ununuzi itengwe kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Mimi mwenyewe sasa nimo katika kundi mojawapo! Lakini mpe tenda ya mboga mama mwenye kikundi cha watu kumi, kisha mlipe baada ya nusu mwaka, uone kama kikundi kitakuwepo siku hundi itakapotoka. Anayeweza kuisubiri serikali ni tajiri peke yake. Kuchelewesha malipo kunaifuta ile asilimia 30 kimyakimya, bila Bunge kuketi.

Basi nifanye nini mimi ninayelaumu? Nilipokuwa nikisahihisha madaftari sikuwa naweka mkasi tu bila kuandika jibu sahihi pembeni. Nitaandika.

Kwanza, anayepokea asiwe chini ya anayenunua. Hilo ndilo kubwa. Mwaka 2021 serikali ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, sehemu yake ilijenga madarasa 15,000, kila darasa likitengewa shilingi milioni 20. Yalijengwa kwa utaratibu ambao walimu wanauita fosi akaunti, yaani mafundi wa kawaida na kamati za mahali pale badala ya mkandarasi mkubwa. Katika kijiji ninachoishi niliona kwa macho yangu mama mmoja, mjumbe wa kamati ya mapokezi, akilizuia lori la mchanga. Dereva alisema ni tripu kamili. Mama akapanda juu ya gurudumu na fimbo yake ya mlonge, akachomeka, akasema pengo la mkono mzima haliwezi kuitwa tripu kamili. Dereva akatukana, mkuu wa shule akaanza kubembeleza kwamba mafundi wamekaa bure. Mama akashuka akajibu, "Mwalimu, wewe utahamishwa. Mimi wajukuu wangu watasomea humu." Lori likarudi.

Nilisimama pale nikamkumbuka mtunza stoo wangu. Mzee yule hakuwa mwoga kuliko mama huyu. Alisema kweli kabla yake. Tofauti ni kwamba mama huyu hakuna aliyeweza kumwita ofisini Jumatatu asubuhi. Sisemi kwamba kamati za vijiji ni za malaika. Ripoti za ukaguzi zimetaja kasoro katika fosi akaunti pia, na zipo kamati ambazo wajumbe wake huitwa kutia sahihi baada ya saruji kwisha kutumika. Lakini mahali palipo na mpokeaji asiyemtegemea mnunuzi kwa mshahara, nyumba wala uhamisho, panakuwepo angalau uwezekano wa mtu kusema hapana. Shuleni awepo mzazi, awepo mpishi, awepo mwakilishi wa wanafunzi, na mizani iwe getini, mahali pa wazi. Hospitalini na halmashauri nako watafutwe watu wa namna hiyo.

Pili, sahihi ya kukataa iwe na heshima sawa na sahihi ya kukubali. Hati zetu zina nafasi ya kuandika "nimepokea". Ziwe na nafasi iliyo wazi ya kuandika "nimekataa, kwa sababu hii", na mkuu asiwe na uwezo wa kuifuta bila kuandika jina lake na sababu zake mwenyewe. Tunayo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, lakini mtunza stoo anayekataa gunia pungufu si mtoa taarifa za siri. Anafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Asihitaji ushujaa kwa hilo.

Tatu, mali isiagizwe mpaka fedha yake iwe imekwisha kutengwa, na madeni yabandikwe hadharani: nani anadai, kiasi gani, tangu lini. Mwenye duka hubandika majina ya wadaiwa wake ukutani, na kila mtu anajua maana yake. Serikali nayo ikubali jina lake libandikwe.

Nne, mkaguzi aende stoo kabla ya kwenda ofisini. Najua kwamba siku hizi upo ukaguzi wa ufanisi unaotazama kazi yenyewe, na unastahili sifa. Uongezwe, ushuke hadi chini, na mtu aliyenunua mkanda wa pampu kwa bei halali asisumbuliwe kuliko aliyepokea magunia pungufu kwa hati safi.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba mambo haya yanataka fedha, kwamba kamati zitachelewesha kazi, kwamba wananchi hawana utaalamu. Kuhusu fedha, mizani haizidi bei ya magunia machache, na mizani yangu ilikuwapo. Kilichokosekana ni mkuu wa kuitii. Kuhusu kuchelewa, viongozi wenyewe husema kuwa zaidi ya asilimia 70 ya bajeti ya serikali hupitia katika ununuzi. Kama ni hivyo, basi jioni moja ya kupima magunia si kuchelewa. Kuhusu utaalamu, zipo mashine na dawa ambazo kweli zinataka mtaalamu, na mtaalamu aletwe, ila naye asiwe mtu wa mnunuzi. Lakini hakuna mama katika nchi hii asiyeyajua maharage yaliyobunguliwa.

Nitamaliza kwa kusema na wakuu wa shule wa leo, ambao wengi wao wangeweza kuwa wanafunzi wangu. Ninyi hamwandiki tena juu ya goti. Mnabonyeza tu, na mfumo unakubali. Kabla hamjabonyeza, ondokeni ofisini mkaende stoo. Mwiteni anayetunza funguo, mwambieni afungue gunia ambalo amelichagua yeye, si mlilolichagua ninyi. Akisema halipokeleki, msimuulize Jumatatu watoto watakula nini, kama nilivyoulizwa mimi. Swali hilo ni la anayechelewesha malipo, apelekewe yeye, kwa maandishi, na nakala kwa kila anayehusika. Mimi sikuliandika. Nilimbebesha mzee wa darasa la nne jibu lake, akaondoka duniani nalo, na katika leja ya shule ile, kama bado ipo, inasomeka mpaka leo kwamba maharage yalikuwa katika hali nzuri.